Nani alimwiga nani? Kuta na ngome za zama za kati, kutoka Konstantinopoli hadi Kairo na Wales

Swali la msomaji wetu wa Tanga, kwa ufupi, ni hili: "Nimetazama video inayodai kwamba kuta na ngome zote kubwa za Ulaya ya zama za kati ziliigwa kwa Waislamu wakati wa Vita vya Msalaba. Mwalimu wetu wa historia anasema ni kinyume chake, Wazungu ndio waliopeleka ufundi huo Mashariki. Nani yuko sahihi? Na Fort Jesus ya Mombasa inaingia wapi katika habari hii?"

Ndugu yangu, wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja. Wameuchukulia ufundi wa kujenga kuta kama mali ya dini fulani au ya bara fulani. Nyuma ya kila ukuta wa mji kuna watu watatu: mwashi mwenye patasi, mtawala mwenye hofu anayemlipa, na adui anayetarajiwa kuja na mtambo wake. Mara nyingi watu hao watatu hawakuwa wa kabila moja wala wa dini moja. Ukitaka kujua nani alijifunza kwa nani, wafuatilie wao, usifuatilie bendera iliyopepea juu ya lango.

Nianze na Kairo, maana sijui mahali panapojibu swali lako vizuri zaidi.

Kairo ya Wafatimi, nasaba ya makhalifa wa Kishia, ilianzishwa mwaka 969, na ukuta wake wa kwanza ulikuwa wa matofali mabichi. Kufikia miaka ya 1070 Misri ilikuwa imedhoofishwa na njaa na magomvi ya vikosi vya askari, na khalifa al-Mustansir hakuwa tena na nguvu hata katika mji wake mwenyewe. Akamwita gavana wa Akka, mji wa pwani ya Palestina, mtu aliyeitwa Badr al-Jamali. Badr alikuwa Mwarmenia. Alianza maisha ya utumishi akiwa mtumwa, akapanda vyeo vya kijeshi huko Shamu (Syria na nchi jirani zake), na mwaka 1074 akaingia Misri na askari wake, wengi wao Waarmenia wenzake. Akawanyamazisha wakorofi, akawa waziri mwenye mamlaka yote, kisha akaujenga upya ukuta wa mji. Malango matatu ya kazi yake, ya mawe ya kuchongwa, yapo hadi leo: Bab al-Nasr na Bab al-Futuh ya mwaka 1087, na Bab Zuwayla ya mwaka 1092.

Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo wa karne ya 15, ameandika kwamba malango hayo yalijengwa na ndugu watatu waliotoka Edessa, mji ambao leo unaitwa Şanlıurfa, kusini mwa Uturuki. Aliandika zaidi ya miaka 300 baada ya kazi kwisha, kwa hiyo neno lake peke yake lisingetosha. Lakini mawe yenyewe yanamuunga mkono, na hapo ndipo ningependa utulie kidogo.

Chukua Bab al-Futuh. Lango liko katikati ya buruji mbili, yaani minara ya ukuta, zenye uso wa mviringo. Theluthi mbili za chini za kila buruji hazina chumba wala uwazi wowote, ni mawe matupu yaliyoshindiliwa, kiasi kwamba adui mwenye gogo la kuvunjia ukuta angegonga mpaka achoke. Chumba cha askari kiko juu, chenye matundu ya mishale yaliyo mapana kwa ndani na membamba kwa nje. Ukipita chini ya lango na kuinua macho, unaona kuba la mawe lisilo refu, limebebwa na pembetatu nne zilizopinda, moja kila kona. Kuba la namna hiyo, kwa mawe yaliyokatwa kwa ustadi ule, halikuwa mazoea ya Misri wakati ule. Lilikuwa mazoea ya nchi zilizoanzia kaskazini mwa Shamu hadi Armenia na Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki. Mtu hafanyi kitu kama hicho kwa kusikia kimesimuliwa; anakifanya kwa kuwa alikifanya tangu akiwa mwanafunzi wa baba yake.

Bab al-Nasr nayo ina buruji za mraba, na kwenye uso wake zimechongwa ngao. Baadhi ni duara, nyingine zina kichwa cha mviringo na chini zimechongoka. Hizi za pili ndizo watu wengi wamezizoea kwenye picha za wapanda farasi wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, na nimesikia waongoza watalii wakisema ni alama ya Wanamsalaba, wale Wakristo wa Ulaya waliopigana Vita vya Msalaba. Haiwezekani. Wanamsalaba waliiteka Yerusalemu mwaka 1099, miaka 12 baada ya lango hilo kumalizika. Ngao ya umbo hilo ilikuwa ikitumiwa katika karne ya 11 na wapanda farasi wa Bizanti pia, na wachongaji waliotoka mpakani mwa dola hiyo walikuwa wakiijua bila msaada wa Mfaransa yeyote.

Tena ndani ya ukuta huohuo yamo mawe yenye maandishi ya Mafarao, yaliyong'olewa kwenye mahekalu ya kale na kupangwa upya. Kwa hiyo tuna lango lililoagizwa na waziri Mwarmenia, kwa ajili ya khalifa Mwarabu wa madhehebu ya Ismailia, likajengwa kwa mikono ya watu wa Edessa na mawe ya Mafarao, wakati tishio kubwa zaidi likiwa ni Waturuki wa Seljuk. Video uliyotazama ingeliita "ufundi wa Kiislamu". Mwalimu wako pengine angesema ni "wa Kikristo". Majina yote mawili yanaficha habari iliyo tamu zaidi.

Watu wa Edessa nao hawakuanza wenyewe. Nyuma yao kulikuwa na Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti ambao leo unaitwa Istanbul, na hakuna mjenzi wa kuta kati ya Bahari ya Atlantiki na Uajemi ambaye hakuwa amesikia habari za ukuta wa mji ule. Upande wa nchi kavu ulimalizika mwaka 413, Theodosius II akiwa mfalme wa umri wa utoto na kazi ikisimamiwa na ofisa wake Anthemius. Mwaka 447 tetemeko la ardhi liliangusha buruji 57, huku Attila, mfalme wa taifa la Wahunni, akitisha kuja na jeshi lake. Wakazi wakaurudisha ukuta wima katika muda wa miezi miwili hivi. Ulipokamilika ulikuwa na handaki lenye upana wa karibu mita 20, kisha ukuta mdogo wa mbele, kisha uwanja mtupu, kisha ukuta mkubwa wenye unene wa karibu mita 5, urefu wa mita 12 hivi, na buruji 96. Ubora wake uko katika kupishana kwa urefu. Askari wa ukuta mkubwa waliweza kupiga mishale juu ya vichwa vya wenzao wa ukuta mdogo. Na adui aliyefaulu kuuvuka ule wa kwanza alijikuta uwanjani, hana pa kujificha, buruji zikimtazama kutoka juu kulia na kushoto.

Nani aliuona ukuta huu? Kila mtu. Majeshi ya Waarabu yaliuzingira mwaka 717 hadi 718 yakashindwa. Majeshi ya kwanza ya msalaba yalipita chini yake mwaka 1096 na 1097 yakielekea Yerusalemu. Mwaka 1204 Wanamsalaba wa awamu nyingine wakauteka mji, lakini waliingilia ukuta wa upande wa bahari, si huu wa nchi kavu. Ndiyo maana mtu akikuonyesha kuta mbili, moja ndani ya nyingine, iwe Syria, Hispania au Uingereza, na kusema "hii imetoka kwa fulani", mwombe ushahidi zaidi. Ukuta maradufu ni wazo ambalo Babeli ya kale ilikuwa nalo tayari.

Ni vivyo hivyo kwa mambo mengi ambayo hutajwa kama ushahidi wa kuigana. Lango la kona, lile linalomlazimisha anayeingia kugeuka ili asije mbio moja kwa moja, hujadiliwa kama uvumbuzi wa Baghdad ya al-Mansur, iliyoanza kujengwa mwaka 762. Lakini wazo la kumpindisha adui mlangoni lilikuwapo Misri ya kale. Tundu la mishale walikuwa nalo Warumi. Buruji ya duara, ambayo haina kona za kung'olewa jiwe kwa urahisi, imezuka mahali pengi. Askari yeyote mwenye akili, akiambiwa alinde mlango, atafika kwenye mawazo hayo bila kuvuka bahari. Mimi sikubali kuiita hali hiyo kuigana mpaka nione mambo matatu pamoja: tarehe zinazopatana, njia ya watu inayojulikana, na kitu kidogo cha kiufundi ambacho mtu hawezi kukibuni kwa bahati.

Roshani za vita ni mfano ambao kwangu unakaribia kupita mtihani huo. Ni visanduku vya mawe vilivyotokeza nje ya ukuta juu ya mlango, sakafu yake ina uwazi, ili mlinzi amwangushie adui mawe bila kuinama nje na kupigwa mshale. Zipo Qasr al-Hayr al-Sharqi, katika jangwa la Syria, kasri la khalifa Hisham wa Bani Umayya lililojengwa mwaka 728 au 729. Ulaya kwa karne nyingi ilitumia vibanda vya mbao kwa kazi hiyo, na mbao huungua. Richard wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliondoka kwenye Vita vya Msalaba huko Palestina mwaka 1192, na kati ya 1196 na 1198 akajenga Château Gaillard huko Normandy, ambako mnara mkuu una uwazi wa mawe wa kuangushia vitu. Umbo lake si lile la visanduku vya Syria, ni matao yaliyobebwa na mihimili minene ya ukuta. Ninaloliona hapo ni wazo lililosafiri, kisha mwashi wa Normandy akalitekeleza kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tumwangalie yule mtu wa tatu, adui na mtambo wake. Kuta hazibadiliki kwa sababu ya mitindo; hubadilika zinapoanza kubomolewa. Mtambo wa kurusha mawe kwa mkono mrefu wa mti, unaovutwa na kundi la watu kwa kamba, ulianzia China. Mwishoni mwa karne ya 6 Waavari, wapanda farasi waliotoka nyika za Asia, walikuwa wakiutumia kuishambulia Thessaloniki, kule Ugiriki. Katika karne ya 12, pande za Bahari ya Kati, zile kamba zikabadilishwa kwa sanduku zito la uzani: likianguka, mkono unaruka na jiwe linakwenda kwa nguvu na kwa shabaha inayorudiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1270 Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, alikuwa amekwama kwa miaka mbele ya mji wa Xiangyang, huko China. Ndugu zake Wamongolia waliotawala Uajemi wakampelekea wahandisi wawili Waislamu, Ismail na Ala al-Din. Mitambo yao ya uzani ilipovunja ulinzi, Fancheng, mji pacha wa ng'ambo ya mto, ukaanguka, na Xiangyang ukasalimu amri. China ikauita "mtambo wa Waislamu", wakati babu wa mtambo huo alizaliwa China yenyewe.

Huko Misri na Shamu, al-Adil, ndugu yake sultani Salahuddin, ndiye aliyejibu mtambo huu kwa ukubwa usio na mfano kabla yake. Buruji za ngome ya Damascus alizojenga kati ya 1203 na 1216, na zile alizoongeza kwenye ngome ya Kairo, ni nene na pana kupita kiasi cha kulinda wapiga mishale tu. Wapo watafiti wanaoona kwamba zilikuwa pia majukwaa ya kuwekea mitambo hiyohiyo juu, ili mlinzi naye amrushie adui mawe. Naona wana hoja. Ukubwa wa paa zake ni vigumu kuueleza kwa njia nyingine.

Huenda unajiuliza maarifa yalipitaje kati ya watu waliokuwa wakiuana. Jibu moja ni chungu: yalipita kwa mateka. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alifika Kairo mwaka 1183 akaikuta ngome ya Salahuddin inajengwa, na ameandika kwamba waliokuwa wakipasua mawe na kuchimba handaki walikuwa wafungwa wa Kikristo, idadi isiyohesabika. Upande wa pili, Watemplari, shirika la Kikristo la watawa wapiganaji, walipoijenga upya ngome ya Safed huko Palestina kuanzia mwaka 1240, walitumia mateka Waislamu. Watu hao hawakuulizwa kama wanataka kubadilishana ujuzi. Walibeba mawe, wakaona yanavyopangwa, na wale waliokombolewa wakarudi kwao na walichokiona.

Krak des Chevaliers, huko Syria, inakusanya haya yote mahali pamoja. Mwaka 1031 amiri wa Homs aliweka hapo kikosi cha Wakurdi, na Waarabu wakaiita Hisn al-Akrad, ngome ya Wakurdi. Kuanzia miaka ya 1140 ikawa ya shirika la wapiganaji la Wahospitali. Matetemeko ya 1170 na 1202 yaliwalazimisha kujenga upya, na baadaye ukuta wa pili ukaizunguka yote. Mwaka 1271 sultani Baybars akaiteka. Hakuibomoa. Aliikarabati, na upande wa kusini, ambako ardhi iko sawa na adui hupata pa kusimamisha mitambo, yeye na waliomfuata wakaimarisha kwa buruji kubwa. Mgeni asiyejua historia yake hawezi kusema kwa mtazamo wa kwanza ni kipi cha nani.

Mtu aliyefanya mjadala huu uwe mkali ni T. E. Lawrence, ambaye baadaye alijulikana kwa vita vya Uarabuni. Mwaka 1909, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alizunguka Shamu kwa miguu akizikagua ngome za Wanamsalaba, kisha akaandika kwamba ufundi wao ulitoka nyumbani kwao Ulaya na haukuchukuliwa Mashariki. Alikuwa akiwapinga waliomtangulia, na pengine alisukuma hoja yake mbali mno. Lakini katika jambo moja alitenda haki: alikwenda kutazama mawe yenyewe.

Tutazame mawe ya Wales basi, kwa kuwa video nyingi hupenda kusema Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliziona ngome za Palestina akaja kuzinakili. Edward kweli alikuwa Akka kuanzia Mei 1271 hadi Septemba 1272. Tatizo ni kwamba Caerphilly, ngome ya kuta mbili iliyo moja ndani ya nyingine, ilianza kujengwa huko Wales na Gilbert de Clare, lodi wa Kiingereza, mwaka 1268, kabla Edward hajapanda meli. Wazo lilikuwa tayari Wales.

Alichokileta Edward kutoka safarini kilitoka pengine kabisa. Akirudi nyumbani mwaka 1273 alipita Savoy, kwenye milima kati ya Ufaransa na Italia, na miaka michache baadaye fundi mkuu James wa St George, mtu wa Savoy, anaonekana kwenye hesabu za ujenzi za mfalme huko Wales. Ushahidi wa kazi ya watu wake uko kwenye matundu ya milunda. Unajua waashi wanapopanda na ukuta huchomeka milunda ndani ya ukuta ili kubeba jukwaa, na wakimaliza matundu hubaki. Kwa kawaida matundu hayo hupangwa kwa mistari ya mlalo. Kwenye buruji za Conwy na Harlech yanapanda kwa mshazari kuuzunguka mnara, kama yalivyo kwenye minara ya Savoy ya wakati huo. Hakuna mfalme aliyeagiza matundu yawe hivyo, na hakuna jasusi ambaye angejali kuyanakili. Ni desturi ya mkono wa fundi. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko mfanano wa umbo la ngome nzima.

Caernarfon ni habari tofauti. Ngome hiyo, iliyoanza mwaka 1283, ina buruji zenye pembe nyingi na mistari ya mawe ya rangi mbili, na wengi wamesema inaiga mistari ya matofali ya ukuta wa Konstantinopoli. Edward hakuwahi kuuona mji ule. Lakini Wales kulikuwa na hadithi za kale zilizouunganisha mji wa Caernarfon na watawala wa Roma, na mwaka huohuo wa 1283 ulipatikana mwili uliodhaniwa kuwa wa baba yake Konstantino, mfalme wa Roma ambaye Konstantinopoli uliitwa kwa jina lake, Edward akaamuru uzikwe kwa heshima. Kama mistari ile ina maana, maana yake ni ya kisiasa: ukuta unatangaza ufalme. Haiongezi kinga dhidi ya jiwe hata moja. Hilo nalo ni aina ya kuathiriana, ila lisichanganywe na ufundi wa vita.

Nimalizie na Fort Jesus, ambayo si ya zama za kati ingawa watu wengi huiweka kundi moja na hizi. Kilichozitenganisha ni baruti. Mwaka 1453 mizinga ya Mehmed wa Pili, sultani wa Waturuki wa Osmani, mkubwa wake ukiwa umesubuliwa na Orban, fundi kutoka Hungaria aliyekuwa kwanza amewaomba kazi Wabizanti, ilivunja ukuta wa Theodosius, ule wa Konstantinopoli. Ukuta mrefu na mwembamba ukawa hasara: kadiri ulivyo juu, ndivyo unavyolengwa kwa urahisi. Waitaliano wakabuni ngome fupi, nene, zenye pembe zilizochongoka kwenye kona ili kila upande ulindwe na mizinga ya upande wa jirani. Aliyechora Fort Jesus, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mtaliano kutoka Milano akimtumikia mfalme wa Hispania na Ureno, na kazi ilianza mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe ya pwani yetu. Waomani walioiteka mwaka 1698 walikuwa na jibu lao kwa mizinga, na unaweza kuliona Nizwa: mnara mnene sana wa duara, uliojazwa udongo na mawe karibu nusu ya kimo chake, na juu jukwaa la mizinga. Ukiwahi kufika Mombasa, nenda upande wa nchi kavu wa Fort Jesus, simama kwenye pembe iliyochongoka, na utazame ni mzinga wa upande gani ungekupiga hapo ulipo. Kisha linganisha na Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, yenye minara ya duara kwenye kona. Mwalimu wako akikubali kuwapeleka, mtakuwa na hoja za kubishania za mwaka mzima.